Nimebakiwa na sentimita 60 za kaunta: maikrowevu, presha kuka au kikaangio cha hewa?

Mwenye Kaunta Fupi

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mawazo yenu. Jambo lenyewe kwa mwenye jiko kubwa litaonekana dogo, lakini mimi limeninyima raha wiki nzima.

Tumehamia nyumba ya kupanga ambayo jiko lake ni jembamba kama ujia. Kaunta nimeipima kwa tepu mara tatu nikidhani nakosea: urefu sentimita 120, upana sentimita 50. Kushoto kuna sinki, kulia kuna friji. Makabati ya ukutani yametanda juu ya kaunta yote, na kati ya kaunta na kabati pamebaki sentimita 45. Jiko la gesi la mafiga mawili nimeliweka kulia, nalo limekula nusu ya kaunta. Kwa hiyo sentimita 60 zilizobaki ndizo za kila kitu, na hapohapo ndipo ninapokatia vitunguu na kupanga vyombo vilivyooshwa. Soketi ni moja, ya matundu mawili.

Tunaishi watatu: mimi, mama yangu mwenye miaka 71, na mwanangu wa miaka 9. Mimi ni muuguzi, naingia zamu za usiku mara tatu au nne kwa wiki. Mama ana baridi yabisi ya vidole. Sufuria iliyojaa hawezi kuinyanyua, na mwezi uliopita nilirudi asubuhi nikakuta moto wa gesi unawaka hauna kitu juu yake. Alikuwa amempashia mtoto uji, akashusha sufuria, akasahau kuzima. Sikumwambia neno la kumuumiza, lakini tangu siku hiyo nikiwa wodini mawazo yangu yako nyumbani.

Vitu nilivyo navyo ni maikrowevu ya lita 20 ya siku nyingi, blenda, na birika la umeme. Nimeweka akiba ya kununua kitu kimoja zaidi. Wenzangu kazini wananihimiza kikaangio cha hewa, wanasema ukishakuwa nacho maikrowevu unaigawa. Dada yangu anashikilia presha kuka ya umeme ya lita 6, maana kwetu maharagwe na supu haviishi wiki. Mtoto anataka oveni ndogo kwa ajili ya keki.

Vyote haviwezi kukaa. Nikiweka viwili juu ya kaunta, sina pa kuweka ubao wa kukatia. Nimekaa na karatasi nikaandika kila kifaa kinafanya nini, na kila nikifika mwisho wa orodha naona vyote navihitaji. Nyinyi wenye majiko ya namna hii mliamuaje? Na kile mlichokiacha, mlikuja kukijutia?

Mama wa Wanne

Pole sana mdogo wangu. Hilo la moto unaowaka bure nalijua, mama mkwe wangu alitupitisha humohumo.

Mimi niko upande wa dada yako. Miaka sita nimeishi na jiko ambalo friji ikifunguliwa mtu wa pili lazima atoke nje. Nilikuwa na sufuria ya umeme ya wali na nyingine ya kupikia taratibu. Presha kuka ilipoingia, zote mbili nilizigawa kabla mwezi haujaisha. Vitunguu unavikaangia humohumo mfuniko ukiwa wazi, unatia nyama, unafunga, unaenda zako kuoga. Ikimaliza inajizima yenyewe na kutunza joto. Hakuna moto wa kusahau.

Ila nikwambie ukweli ambao vitabu vyake havisemi kwa uwazi. Ukisoma kwamba maharagwe yaliyolowekwa yanachukua dakika 10 au 15, hizo huanza kuhesabiwa presha ikishapanda. Chungu kikiwa kimejaa, kupanda tu kunaweza kula dakika 15 hadi 20, na ukiiacha presha ishuke yenyewe ni robo saa nyingine. Weka akilini kitu kama saa nzima. Bado ni nafuu kubwa, kwa sababu kwenye sufuria ya kawaida maji yakishachemka yanasimama kwenye nyuzi 100, kumbe mle ndani mvuke ukibanwa yanafika kati ya 115 na 120. Ndiyo maana nyama ngumu inalegea.

Na kile kitufe cha kupika taratibu, usikitumie kwa maharagwe mekundu ambayo hayajachemshwa. Yana sumu ya asili inayoondoka kwa kutokota kwelikweli, angalau dakika 10. Joto la taratibu linaweza lisifike huko, na maharagwe yaliyoishia kwenye uvuguvugu yanaweza kuumiza tumbo kuliko hata mabichi. Kwenye presha huna wasiwasi huo.

Ubaya wake mwingine ni mvuke. Miezi mitatu ya kwanza niliipikia chini ya kabati, ubao wa chini ukavimba na gamba lake likabanduka. Sasa kabla sijafungua valvu naivuta mpaka ukingoni mwa kaunta. Mpira wa mfuniko nao unanasa harufu, kwa hiyo nina miwili: mmoja wa nyama na viungo, mwingine wa vitu vitamu.

Nilichojutia? Tosta. Niliigawa kwa pupa, na watoto wanne asubuhi bila tosta ni kazi.

Fundi wa Vifaa vya Umeme

Salamu dada. Kazi yangu ni kutengeneza vitu hivi, kwa hiyo kabla ya kaunta naanza na ukuta wako. Soketi moja ya matundu mawili itakuamulia mengi.

Kila kinachotoa joto kinakula umeme. Birika ni wati 1500 mpaka 3000. Kikaangio cha hewa cha lita 5 ni kama 1400 hadi 1700. Presha kuka ya lita 6 mara nyingi ni 1000, na presha ikishapanda inawaka na kuzima, haivuti muda wote. Maikrowevu ndiyo inayowachanganya watu: ikiuzwa kama ya wati 700, hiyo ni nguvu inayoingia kwenye chakula. Ukutani inavuta 1100 hivi. Kinachobaki kinapotea kama joto ndani ya mashine yenyewe, ndiyo maana ina feni na matundu ubavuni, na ndiyo maana ukiibana kati ya ukuta na friji inakufa mapema. Nyingi zinazofika mezani kwangu zimekufa kwa kukosa hewa.

Sasa ekstensheni, maana najua utaifikiria. Ikiwa imeandikwa ampea 13 na umeme wa kwenu ni volti 230, zidisha: unapata karibu wati 3000 kwa waya mzima, hata kama una matundu sita. Birika la 2000 na kikaangio cha 1500 vikiwaka pamoja umeshapita. Haitalipuka siku hiyohiyo. Waya utapata moto kidogo kidogo, plagi itabadilika rangi, na siku moja usiku mtu atasikia harufu ya plastiki. Kwa nyumba ambayo mkubwa hayupo usiku, vifaa vya joto chomeka moja kwa moja ukutani, na mfundishe mtoto kwamba birika na kile kingine haviwaki kwa wakati mmoja. Baada ya dakika kumi za kazi shika plagi kwa vidole. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikikufanya uondoe mkono, soketi imelegea, ita fundi.

Kuhusu kikaangio cha hewa, wenzio hawakudanganyi, ila wajue ni kitu gani: ni oveni ndogo yenye feni kali. Kinafaa sana kwa chakula kikavu unachotaka kiwe na ugumu wa nje, kama viazi, kuku, mkate wa jana. Mchuzi hakipashi, supu hakipashi. Hewa ya moto hutokea nyuma, na watengenezaji wengi wanataka sentimita 10 au zaidi ziachwe nyuma na pembeni. Ukijumlisha mwili wake, nafasi ya nyuma, na droo inayovutwa mbele, upana wako wa 50 umekwisha. Oveni ndogo shida yake ni hiyohiyo, na mlango wake unaangukia mbele.

Jambo moja la usalama kwa mama: asichemshe maji matupu kwa muda mrefu kwenye kikombe laini ndani ya maikrowevu. Maji yanaweza kupita nyuzi 100 bila kutoa povu, halafu yakafumuka usoni akitia kijiko. Aweke kijiti cha mbao ndani ya kikombe kabla ya kuwasha.

Naishi Mwenyewe

Mimi napingana na fundi hapo. Nina chumba kimoja na kaunta ya sentimita 80. Niliuza maikrowevu nikabaki na kikaangio cha hewa, na sijajuta. Maikrowevu inapasha lakini haipiki chakula cha mtu kukifurahia: mkate unakuwa mpira, kuku analowa. Chakula cha mchuzi napasha kwenye sufuria juu ya jiko, dakika tano, basi. Kifaa kinachofanya kazi ambayo sufuria inaiweza, kwangu hakistahili nafasi ya kaunta.

Fundi wa Vifaa vya Umeme

Kwa mtu mmoja mwenye mikono mizima nakubaliana nawe, kaka. Soma tena swali la dada. Kuna mama na mtoto, na kuna gesi.

Mwenye Kaunta Fupi

Asanteni nyote. Kaka unayeishi mwenyewe, nakushukuru kwa dhati, kwa sababu jibu lako ndilo lililonifungua macho. Nikiondoa maikrowevu, mchuzi utapashwa kwenye gesi, na gesi ndiyo hasa ninayotaka kumpumzisha nayo mama. Karatasi yangu yote ilikuwa inauliza kifaa kinafanya nini. Sikuwahi kuandika ni nani atakuwa amesimama mbele yake saa mbili usiku, mimi nikiwa kazini. Ni mama. Wakati mwingine ni mtoto.

Kwa hiyo nimegawa swali mara mbili. La kwanza, mama apashe nini na kwa kifaa gani. La pili, mimi nipikie nini siku zangu za mapumziko ili chakula cha siku tatu kiwepo. Kwa la pili naona presha kuka inashinda bila ubishi.

Kinachonikwamisha sasa ni mahali. Maikrowevu yangu ina upana wa sentimita 44, urefu 26, na kina 35. Ikikaa kaunta, ubao wa kukatia unabaki na sentimita 16. Nimefikiria kuiweka juu ya friji. Friji ina urefu wa sentimita 150. Mnaonaje? Na presha kuka niiweke wapi siku nisizopika?

Seremala wa Makabati

Dada, juu ya friji hapana. Mama yako bega lake liko wapi? Kwa mtu wa kimo cha kawaida ni sentimita 130 hivi. Atakuwa anashusha bakuli la mchuzi wa moto kutoka juu ya uso wake, na kwa vidole vinavyouma. Chombo cha moto kishikwe kati ya kiuno na kifua, hapo mikono ina nguvu na macho yanaona ndani ya bakuli. Na friji nyingi za zamani zinahitaji juu pawe wazi ili joto lipande.

Kabla sijasema maikrowevu iwekwe wapi, kuna kitu umekiandika kwenye swali la kwanza na hakuna aliyekigusa. Umesema kati ya kaunta na kabati kuna sentimita 45, na jiko la gesi liko hapo chini. Hilo linanitisha kuliko yote. Watengenezaji wa majiko ya gesi kwa kawaida wanataka nafasi ya sentimita 65 hadi 75 kutoka kwenye moto mpaka kabati la mbao. Nimewahi kubadilisha makabati ambayo sakafu yake ilikuwa imegeuka makaa kimyakimya, mwenye nyumba akidhani ni masizi tu ya kupikia. Pitisha kidole chini ya kabati lililo juu ya moto. Ukikuta mbao imekauka, imepasuka au ina rangi ya kahawa iliyoungua, usingoje.

Sasa, dawa ya hilo ndiyo dawa ya swali lako. Muombe mwenye nyumba ruhusa ushushe hilo kabati moja lililo juu ya jiko. Yeye mwenyewe anafaidika, nyumba yake haitaungua. Kabati lililoshushwa usilitupe. Lisimamishe sakafuni mahali popote penye ukuta mtupu, hata nje kidogo ya mlango wa jiko, ulifunge ukutani kwa vyuma viwili vya kona ili lisipinduke. Makabati ya ukutani huwa na kina cha sentimita 30 hadi 35, na maikrowevu yako ina 35 pamoja na nafasi ya hewa, kwa hiyo juu yake pigilia ubao wa sentimita 45 uliotulia vizuri. Kabati likiwa na urefu wa 70, ongeza miguu ya 15, maikrowevu inakaa kwenye 85. Kwa mama yako hapo ni usawa wa kiwiko au chini kidogo. Ndani ya kabati, rafu ya chini, presha kuka inaingia, ukitoa rafu ya katikati. Pima kwanza, nyingi za lita 6 zina urefu wa karibu sentimita 33. Chungu hicho tupu kina uzito wa kilo 5 au zaidi, kwa hiyo wa kukitoa ni wewe, si yeye.

Na jiko la gesi lisogeze kushoto kidogo, liachane na friji hata kwa sentimita 10. Joto la moto likipiga ubavu wa friji, kompresa, yaani mota yake, haipumziki.

Usinunue wala kupigilia chochote kabla ya kutengeneza sanamu za maboksi. Mimi kila mteja mwenye jiko dogo namfanyisha hivyo. Kata katoni kwa vipimo kamili vya kifaa, pamoja na nafasi ya nyuma na mlango ukiwa umefunguliwa, gundisha kwa utepe, iweke mahali pake siku tatu mkiendelea na maisha. Kiwiko chako kitakwambia mengi kuliko tepu.

Jiko dogo si msiba. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, na ndani yake mlikuwa na kila kitu, hata ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani. Alihesabu hatua ambazo mpishi anapiga na kunyoosha kwa mikono kunakohitajika. Aliweka vitu kwa kufuata mwili wa mtu anayevitumia, na majiko mengi tunayotengeneza leo bado yanamfuata.

Mama wa Wanne

Seremala, nimeinuka sasa hivi kupitisha kidole chini ya kabati langu. Kimetoka na unga mweusi. Ahsante, nitaita mtu.

Mwenye Kaunta Fupi

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi, wiki mbili zimepita. Nawaletea yaliyotokea, kwa sababu mlitumia muda wenu kwangu.

Nilianza na kidole chini ya kabati. Mbao ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi, na pembe moja imeiva rangi. Nilipiga picha nikamtumia mwenye nyumba, akaja siku ya pili akiwa na bisibisi yake mwenyewe. Kabati limeshuka.

Halafu maboksi. Mwanangu ndiye aliyekata, kwa rula ya shule, akaandika juu ya kila moja jina lake kwa kalamu nene: MAIKROWEVU, PRESHA, HEWA. Tulikaa nayo siku tatu. Boksi la HEWA likiwa kwenye kaunta na nafasi yake ya nyuma, kila nilipokata vitunguu mkono wa kulia uligonga. Siku ya pili jioni nililihamishia sakafuni bila kujua nimelihamisha. Mtoto akaliona, akasema, "Mama, umeshaamua." Alikuwa na huzuni kidogo, kwa hiyo nimemwambia ukweli: keki ya oveni haiwezekani nyumba hii, na Jumapili nisipokuwa zamu viazi vya kukaanga nitampikia mwenyewe kwenye sufuria, nikiwa nimesimama hapo.

Jambo ambalo boksi lisingeweza kuniambia lilitoka kwa mama. Niliazima presha kuka ya jirani kabla ya kununua, nikamwomba mama afunge na kufungua mfuniko. Hakuweza. Ule mzunguko wa kukaza na kulegeza unataka kifundo cha mkono ambacho yeye hana tena. Alijaribu mara tatu, akaniangalia, akasema, "Hiki ni chako." Nikaona kumbe nilitaka kumnunulia kifaa ambacho angeogopa kukigusa. Nikamwomba ajaribu na maikrowevu yetu, ambayo nilidhani ameizoea. Akaniambia kitufe cha kufungulia mlango humuuma kidole gumba, ndiyo maana siku nyingi alikuwa anaikwepa na kwenda kwenye gesi. Nimeishi naye miaka yote hii na sikulijua hilo. Mimi, ambaye kazini nauliza wagonjwa wapi panauma.

Sasa kitufe anakisukuma kwa mpini wa mwiko wa mbao. Tumeutundika kwa kamba kwenye msumari pembeni ya mashine, na ndio huohuo kijiti anachotia kikombeni akichemsha maji, kama fundi alivyoagiza. Tunauosha jioni.

Maikrowevu iko juu ya lile kabati, sentimita 85 kutoka sakafuni, karibu na mlango. Seremala, miguu nilipata ya sentimita 15 kamili. Presha kuka nimenunua, inakaa chini, naitoa siku zangu mbili za mapumziko. Napika chungu cha maharagwe na kingine cha nyama, nagawa kwenye vibakuli vifupi vipana ili vipoe haraka, na kabla ya saa mbili kupita vyote viko kwenye friji chini ya nyuzi 5. Nimebandika tarehe kwenye kila kimoja, na cha siku ya nne hakiliwi. Kibakuli kimoja ni mlo wa mtu mmoja, kwa hiyo mama hanyanyui kitu kizito. Anapasha dakika mbili, anakoroga, kwa sababu mawimbi hayafiki vizuri katikati na chakula huwa cha moto pembeni na baridi ndani, kisha anarudisha dakika moja mpaka kitoe mvuke kotekote. Kabla sijatoka kwenda zamu nafunga valvu ya mtungi wa gesi.

Juzi nilirudi asubuhi nikakuta vibakuli viwili vimeoshwa vimeinamishwa sinkini, na cha tatu kwenye friji kimefunikwa sahani. Mama alikuwa amenibakishia. Alikuwa ameandika tarehe pia, kwa herufi zake kubwa zilizopinda.

Swali moja limebaki, fundi ukipita: blenda naitumia mara moja kwa wiki na inasimama kwenye ule ukingo wa sentimita 10 kati ya jiko na friji. Joto la pale litaiharibu, au niitafutie mahali pengine?

Fundi wa Vifaa vya Umeme

Itoe hapo leo. Nafasi ile iache tupu, ni ya hewa ya friji. Blenda ya mara moja kwa wiki iweke ndani ya kabati, jagi kando na mota kando, mpira wa chini ukiwa umekauka. Na mpe mama salamu zangu.